Nyumba Moja, Milango 28

Anayefika Sungai Utik hana haja ya kuuliza nyumba ya fulani ni ipi, maana nyumba ni moja. Ina urefu wa zaidi ya mita 200, imeinuliwa juu ya nguzo za mti mgumu, na ndani yake wanaishi watu wapatao 300 wa jamii ya Dayak Iban. Kila familia ina makazi yake nyuma ya mlango wake, wenyewe huyaita bilik, na milango hiyo ni 28. Mbele ya milango yote unapita ukumbi mmoja usiokatwa na ukuta, ruai, kutoka ncha moja ya nyumba hadi ya pili. Humo ndimo mikeka husukwa, nyavu hutengenezwa, watoto hucheza mvua ikinyesha, na mashauri ya jamii husikilizwa. Nje ya ukumbi kuna jukwaa lisiloezekwa, tanju, la kuanikia mpunga.

Katika mpangilio wa serikali, Sungai Utik ni kitongoji cha kijiji cha Batu Lintang, wilaya ya Kapuas Hulu, mkoa wa Kalimantan Magharibi, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo. Mpaka wa Sarawak, Malaysia, hauko mbali. Makao makuu ya mkoa ni Pontianak, mji uliokaa juu ya mstari wa ikweta, mstari uleule unaopita Nanyuki. Kutoka Pontianak hadi Putussibau, mji mdogo wa wilaya, zamani mtu alipanda mto Kapuas kwa mashua siku nyingi. Mto huo una kilomita 1,143 na ndio mrefu kuliko yote Indonesia. Siku hizi ipo barabara, na ipo ndege ndogo inayochukua kama saa moja. Baada ya Putussibau mtu hushika barabara ya kaskazini inayoelekea mpakani Badau, milima ikiwa kulia kwake.

Wengi wakisikia habari za kijiji kama hiki hudhani msitu wake umepona kwa sababu uko mbali. Sikubaliani nao. Umbali haukuulinda msitu wa Borneo. Kati ya mwaka 1985 na 2001, Kalimantan ilipoteza zaidi ya asilimia 56 ya misitu yake ya mabondeni iliyokuwa ndani ya maeneo ya hifadhi, yaani misitu iliyokwisha kupigwa muhuri wa serikali kwamba isiguswe.  Msitu wa Sungai Utik ulilindwa na watu walioketi katika ukumbi ule mrefu, wakabishana, wakakubaliana, kisha wakalisimamia neno lao kwa zaidi ya miaka 40. Ninachotaka kukipima katika sura hii ni kama nyumba iliyoweza kulinda msitu inaweza pia kuwapa watoto wake maisha wanayoyataka.

Nyumba yenyewe ni matokeo ya ukaidi. Katika miaka ya 1960 na 1970, utawala wa Jenerali Suharto uliwashinikiza Wadayak waache nyumba ndefu kama hii. Maofisa walisema ni hatari kwa moto, ni chafu, hazilindi maadili, na zaidi ya yote zinanuka ukomunisti, kwa kuwa watu wengi walikaa chini ya paa moja. Nyumba nyingi zilibomolewa wakati huo, na familia zikapangwa katika vibanda vilivyotazamana kando ya barabara. Watu wa Sungai Utik waliijenga nyumba yao ya sasa katika miaka hiyohiyo ya 1970. Mwaka 1979 ikaja sheria iliyotaka vijiji vyote vya Indonesia viwe na muundo mmoja, muundo uliotoka Java. Nyumba ndefu, ambayo kwa Waiban ndiyo jamii kamili yenye mkuu wake, mipaka yake na mahakama yake, haikuwa na nafasi katika muundo huo. Ikahesabiwa kuwa kitongoji. Mkuu wa nyumba, tuai rumah, akabaki bila cheo serikalini, ingawa watu waliendelea kumsikiliza yeye.

Mwaka wa Waiban huhesabika kwa mpunga. Si mpunga wa majaruba yenye maji. Ni mpunga wa mlimani, unaopandwa katika udongo mkavu kwenye miteremko. Kwanza hufyekwa magugu na vichaka, ndipo huangushwa miti, mingi yake miti michanga iliyoota katika shamba la zamani. Hapo watu hungoja jua. Katika nchi inayopata mvua karibu kila mwezi, kungoja huku ndiko kunakoamua mwaka wote. Mkulima akichoma mapema, miti mibichi haiungui. Akichelewa, mvua humkuta na shamba limejaa magogo. Mara nyingi moto huwashwa kati ya Agosti na Septemba. Majivu yake ndiyo mbolea, kwa sababu udongo wa Borneo ni maskini na wenye tindikali, na rutuba karibu yote imo ndani ya miti yenyewe.

Upandaji ni kazi ya watu wengi. Wanaume hutangulia na vijiti vilivyochongwa ncha, wakitoboa mashimo. Wanawake hufuata, wakidondosha mbegu chache katika kila shimo. Leo wote wako shamba la bilik hii, kesho la bilik ile, na kila siku ya kazi ni deni linalolipwa kwa siku ya kazi. Ni ujima ambao mkulima wa kwetu angeutambua mara moja. Mavuno huja kati ya Februari na Aprili, yakifuatwa na sikukuu ya Gawai, ambapo tuak, pombe ya mchele, hupita mkono kwa mkono ukumbini. Waiban wengi wa Kapuas Hulu ni Wakatoliki, ila heshima ya mpunga haikuondoka walipobatizwa. Kila bilik ina mpunga wake mtakatifu, padi pun, ambao mbegu yake imerithiwa kutoka kwa mababu, hupandwa katikati ya shamba na hauuzwi. Familia ikigawanyika, tawi jipya hupewa mbegu ya kuanzia kutoka katika ghala la familia. Mtu akikuonyesha mpunga wake amekuonyesha ukoo wake.

Shamba hutumika msimu mmoja au miwili, kisha huachwa lipumzike kwa miaka mingi. Mgeni hupita akaona pori, akaandika katika ripoti yake kwamba ardhi haitumiki. Kumbe pori hilo lina mwenyewe: ni bilik ambayo mzee wake ndiye aliyeuangusha msitu mkubwa hapo kwa mara ya kwanza, na wajukuu wake bado wanachuma humo matunda, mboga, kuni na utomvu wa mpira. Kosa hilo la macho, kuiona ardhi iliyopumzishwa kuwa ardhi iliyotelekezwa, limewagharimu wakulima wa misituni kote duniani kuliko ukame wowote.

Moto nao umewaletea lawama. Mwaka 2015, wakati wa El Niño kali, Indonesia iliungua hekta milioni 2.6, moshi ukafunika Singapore na Malaysia, na Benki ya Dunia ikakadiria hasara ya dola bilioni 16. Sehemu kubwa ya moshi ule ilitoka kwenye mboji ya mabwawa yaliyokaushwa kwa mifereji ili yapandwe miti ya karatasi na michikichi. Hata hivyo amri za kupiga marufuku moto ziliwaangukia wote, na mkulima wa mteremkoni mwenye shamba la kula familia yake akajikuta anafuatwa na askari. Sheria ya mazingira ya mwaka 2009 inamruhusu mkulima wa kimila kuchoma hadi hekta 2 kwa kila familia, akipanda mbegu za kienyeji na kukata kinga ya moto kuzunguka shamba. Ruhusa hiyo haikuwazuia wakulima 6 wa Sintang, chini kwenye mto huohuo wa Kapuas, wasipelekwe mahakamani. Machi 2020 mahakama iliwaachia huru. Nafurahi waliachiwa, lakini sioni fahari katika nchi inayomlazimu mtu kushinda kesi ili apande mpunga aliopanda babu yake.

Zaidi ya mashamba kuna msitu wenyewe, na Sungai Utik wameugawa kwa utaratibu wanaoujua wote. Sehemu ya kwanza, kampong taroh, haikatwi kabisa: humo mna vyanzo vya maji na mazalia ya wanyama. Ya pili, kampong galao, ni akiba. Watu huingia kuchukua dawa, henzerani na kuni, na mti hukatwa kwa sababu maalumu tu. Ya tatu, kampong endor kerja, ni ya kazi, ambamo mbao za kujengea hupatikana kwa kiasi kilichowekwa. Anayevunja utaratibu hutozwa faini ya kimila, mbele ya watu wote, katika ukumbi ule. Wazee wao husema, na wameyasema hayo mbele ya wageni wengi, kwamba msitu ni baba, ardhi ni mama na maji ni damu. Ni rahisi msomaji wa mjini kuyachukua maneno hayo kuwa ushairi. Kwa watu wanaokunywa maji ya mto ule na kuvua samaki wake, hayo ni maelezo ya jinsi mwili unavyoishi.

Utajiri wa msitu huu ni wa vipindi. Mfano mkubwa ni tengkawang, miti mirefu ya jamii ya meranti ambayo haizai kila mwaka. Hupita miaka kadhaa bila tunda. Kisha, mara nyingi katika mwaka wa El Niño, miti ya eneo zima hutoa maua kwa pamoja na kumwaga kokwa kwa wingi usiosemeka. Wataalamu wanaeleza kwamba hiyo ni njia ya mti kuwashinda walaji wake: nguruwe mwitu na wadudu hushiba hadi washindwe, na kokwa zilizobaki huota. Miti ikipungua sana mtego huo huharibika, kwa sababu kokwa chache huliwa zote. Kwa watu, mwaka wa tengkawang ni mwaka wa neema. Kokwa hukaushwa, hukamuliwa mafuta mazito yanayoganda, na mafuta hayo hununuliwa na viwanda vya chokoleti na vipodozi kwa kuwa yanafanana na siagi ya kakao. Msitu huohuo ndio uliotoa gaharu, ambayo Mswahili anaijua vizuri kwa jina la udi. Miti ya gaharu ikiugua ukungu hutengeneza utomvu mweusi wenye harufu, na utomvu huo ndio unaofukizwa katika nyumba za Muscat, Dubai na Unguja. Tamaa ya soko la Ghuba iliwaingiza watafutaji wengi misituni Borneo, wakakata miti mizima na migonjwa bila kuchagua, mpaka biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa. Anayefukiza chumba kwa udi Ijumaa amegusana na misitu hii kuliko anavyojua.

Tatizo lililokaribia kuupoteza msitu lilianzia kwenye karatasi. Sheria ya misitu ya mwaka 1967 iliweka misitu ya Indonesia mikononi mwa serikali kuu, na baada ya hapo vibali vya kukata magogo viligawiwa kutoka Jakarta kwa makampuni, mengine yakiwa karibu sana na jeshi. Watu waliokuwa wakiishi humo hawakuulizwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 wakataji walifika hadi milangoni mwa Sungai Utik, wakiwa na mashine, ahadi na pesa. Wazee walizikataa pesa, na vijana wakaenda msituni kuwafukuza wakataji.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja baada ya Suharto kuanguka mwaka 1998. Serikali ilikuwa imelegea, rupia imeporomoka, na ng'ambo ya mpaka matajiri wa mbao wa Sarawak walikuwa na matingatinga yaliyokosa kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba ndefu nyingi za mpakani ziliingia mikataba nao. Siwalaumu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao walikuwa wanalipwa kwa miti ambayo kwa miaka 30 ilichukuliwa bure mbele ya macho yao. Pesa hizo zilijenga nyumba, zilinunua injini za mashua na kusomesha watoto. Mwaka 2005 serikali ilifanya msako mkubwa na biashara ikafa karibu ghafla, ikiacha barabara za matope na vilima vilivyonyolewa. Sungai Utik hawakuuza. Kwa miaka ile waliishi wakiwaona majirani wakivaa vizuri kuliko wao, na hiyo ni sehemu ya hadithi isiyotajwa kwenye sherehe za tuzo.

Walichokuwa wakifanya wakati huo kilikuwa cha kuchosha na kisichopigwa picha: mikutano na ramani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakisaidiwa na mashirika ya kiraia ya Pontianak, walitembea mipaka yao mto kwa mto, kilima kwa kilima, wakiwa na majirani wa kila upande ili kila alama ikubaliwe na pande zote mbili. Mwaka 2008 taasisi ya Indonesia inayothibitisha mbao zilizovunwa vizuri iliwapa cheti kwa namna wanavyousimamia msitu wao. Sheria, hata hivyo, iliendelea kusema msitu huo ni wa serikali. Kwa hiyo jamii ilikuwa na cheti cha kuutunza msitu ambao kisheria haukuwa wake.

Mlango ulifunguka Mei 2013. Muungano wa jamii za kimila za Indonesia, unaojulikana kwa kifupi kama AMAN, ulikuwa umepeleka shauri katika Mahakama ya Katiba, na mahakama ikaamua kwamba msitu wa kimila si msitu wa serikali. Uamuzi huo, namba 35 wa mwaka 2012, ulifuta neno moja katika sheria ya misitu ya mwaka 1999, na kufutwa kwa neno hilo kulibadilisha hali ya mamilioni ya watu. Lakini hukumu haiji na hati mkononi. Kila jamii ilitakiwa kwanza itambuliwe na serikali ya wilaya kwamba ni jamii ya kimila kweli, ndipo ipeleke ramani wizarani, ndipo ingoje wakaguzi. Sungai Utik waliingia katika mlolongo huo wakiwa tayari na ramani zao. Mwaka 2019 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2020, miaka 7 baada ya hukumu, wizara ilitoa waraka unaotambua karibu hekta 9,500 kuwa msitu wao wa kimila. Mwaka 2023 mkuu wa nyumba yao, Bandi, ambaye watu wote humwita Apai Janggut kwa ndevu zake ndefu, alipewa Tuzo ya Gulbenkian kwa Ubinadamu mjini Lisbon, pamoja na Cécile Bibiane Ndjebet wa Kamerun na Lélia Wanick Salgado wa Brazil.

Nimeyapitia hayo kwa kirefu kwa sababu tuzo huja mwishoni na watu huanza kusimulia kutoka hapo. Hebu tuitazame hesabu ya nchi nzima: hadi mwisho wa mwaka 2023 misitu ya kimila iliyotambuliwa Indonesia haikufika hekta 300,000, ilhali eneo ambalo serikali inaliita la misitu linazidi hekta milioni 120. Muswada wa sheria ya jamii za kimila, ambao ungefupisha mlolongo huu, umekuwa ukizunguka bungeni Jakarta kwa zaidi ya miaka 10. Hadi mwaka 2024 haukuwa umepitishwa.

Msitu umetambuliwa. Sasa watu wanakula nini, na wanapata wapi pesa ya sabuni, mafuta ya pikipiki na ada ya shule?

Kwa miongo mingi jibu lilikuwa mpira. Mtu anaamka alfajiri, anagema miti yake, anakusanya utomvu, anaugandisha na kuuza. Mwanzoni mwa mwaka 2011 bei ya mpira katika soko la dunia ilipita dola 5 kwa kilo. Kufikia mwanzo wa 2016 ilikuwa imeshuka hadi dola 1 na kidogo. Wengi wakaiacha miti yao bila kuigema. Badala yake wakapanda kratom. Ni mti wa kienyeji unaopenda kingo za mito, ndugu wa mbali wa mbuni, na majani yake yaliyokaushwa hununuliwa na Wamarekani kama kichangamsho na kituliza maumivu. Wilaya ya Kapuas Hulu imekuwa kitovu cha biashara hiyo. Majani huchumwa, hukaushwa, husagwa na kupakiwa, na fedha huja kwa wiki badala ya mwaka.

Kinachonitia wasiwasi ni jinsi riziki hiyo ilivyoning'inia kwenye saini za watu wa mbali. Agosti 2016 idara ya dawa za kulevya ya Marekani ilitangaza kwamba itaipiga marufuku kratom. Oktoba mwaka huohuo ikaliondoa tangazo hilo kwa kelele za watumiaji. Indonesia kwenyewe, idara ya kupambana na dawa za kulevya ilitaka mti huo uorodheshwe pamoja na mihadarati. Mwaka 2024 wizara ya biashara ilichukua njia nyingine: majani ghafi yasisafirishwe nje, yauzwe yakiwa yamesindikwa. Uamuzi huo unaonekana wa busara, ila mwenye mashine ya kusindika ni mfanyabiashara wa Pontianak, na mkulima wa juu ya mto bado anauza jani.

Na iko michikichi. Mti huu ni wetu, wa Afrika. Miche 4 iliyopandwa katika bustani ya Bogor, Java, mwaka 1848 ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya mashamba ya Asia Kusini-Mashariki, na leo Indonesia ndiyo mzalishaji mkubwa wa mawese duniani. Kigoma na Kongo mchikichi ni mti wa nyumbani, unachanganyika na mihogo na migomba. Kalimantan umekuwa shamba lisilo na mwisho, safu kwa safu, pasipo mti mwingine. Kapuas Hulu ilijitangaza kuwa wilaya ya uhifadhi tangu mwaka 2003, na bado mashamba ya michikichi yalifunguliwa mpakani katika miaka iliyofuata. Mtu anayeitetea michikichi hapo si mpumbavu. Anaona mshahara wa kila mwezi, barabara na zahanati ya kampuni. Haoni, mpaka baadaye, kwamba ardhi aliyoitoa kwa miaka 30 huenda isirudi mikononi mwa mwanawe.

Njia ya nne ni kuondoka. Kwa Waiban kusafiri kutafuta mali na sifa ni desturi ya kale, bejalai, na zamani kijana asiyesafiri alionekana hajakua. Leo bejalai ni kazi za ujenzi, mbao na mashamba huko Sarawak, ambako Waiban wenzao ni wengi na ringiti ina thamani kuliko rupia. Mwaka 2017 kituo kikubwa cha mpaka kilifunguliwa Badau. Fedha zinazorudi nyumbani kwa njia hiyo zimejenga kuta nyingi za saruji ndani ya nyumba ndefu za wilaya hii.

Kijana anayetaka elimu naye huondoka. Shule ya msingi iko karibu; kadiri anavyopanda darasa ndivyo anavyosogezwa mbali, mpaka Putussibau, kisha chuo kikuu Pontianak. Akirudi na shahada, hapati ofisi. Tangu mwaka 2015 serikali kuu hupeleka fedha moja kwa moja vijijini. Mwaka 2019 zilifika rupia trilioni 70 kwa vijiji karibu 75,000, yaani wastani wa karibu rupia bilioni 1 kwa kijiji. Ni fedha nyingi kwa mahali kama hapa. Lakini zinapitia kwa mkuu wa kijiji, na Sungai Utik, pamoja na umaarufu wake, bado ni kitongoji; mkuu wa nyumba hana saini katika benki. Nikiulizwa mageuzi gani madogo yangeleta matunda makubwa, ningeanza na hilo: nyumba ndefu itambuliwe kuwa serikali ya mahali pale, kama inavyotambuliwa na wakazi wake.

Wapo wanaohofia kwamba vijana wote watakwisha kuondoka. Desturi ya Waiban yenyewe inaipima hofu hiyo kwa kipimo kingine. Katika kila bilik, watoto wanaweza kuolewa, kuoa, kuhamia kwingine; mmoja tu ndiye anayetakiwa kubaki, awe wa kiume au wa kike, arithi mlango, ghala, mpunga mtakatifu na wajibu wa kuwatunza wazazi. Ndugu zake waliotoka hawadharauliwi. Kwa hiyo nyumba hii haihitaji kuwazuia vijana wake wote, wala haijawahi kufanya hivyo. Inahitaji watu 28 katika kila kizazi ambao kubaki kwao si adhabu, na waliosafiri wawe na sababu ya kuendelea kuiita nyumba yao.

Dalili zipo kwamba hao 28 wanaweza kupatikana. Kynan Tegar, kijana wa Sungai Utik, alishika kamera akiwa bado mtoto akaanza kuwarekodi wazee wake, na filamu yake Indai Apai Darah imeonekana mbali na Borneo. Kamera na droni zimekuwa zana za jamii: kijana aliyekwenda shule ndiye anayejua kuisoma ramani ya setilaiti, na mzee ndiye anayejua kila kilima kinaitwaje na nani alikifyeka kwanza. Wakikaa pamoja ukumbini, kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana. Sijui mpango wa maendeleo uliobuniwa ofisini ambao umewahi kuyapatanisha marika mawili namna hii.

Kinachokosekana ni kazi inayolipa bila kuangusha msitu, na hapo sifa za dunia hazijafuatwa na uwekezaji. Kokwa za tengkawang zikiuzwa ghafi kwa dalali, faida yote huishia mjini. Mashine ya kukamua na ghala kavu la kuhifadhi kutoka mwaka wa neema hadi miaka ya ukame wa matunda vingebakiza sehemu yake wilayani. Nguo za pua kumbu, zinazofungwa nyuzi na kupakwa rangi za mizizi na majani kwa miezi kadhaa, zinauzwa kwa watalii wachache kwa bei isiyolingana na kazi. Kratom inaweza kusindikwa Putussibau kama vile inavyosindikwa Pontianak. Shule ya sekondari yenye bweni ikiwa umbali wa pikipiki, mtoto wa miaka 13 hatalazimika kuchagua kati ya hesabu na lugha ya mama yake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji uvumbuzi mpya.

Nyumba za jirani ziko katika hali ngumu zaidi. Kando ya barabara hiyohiyo ya kaskazini kuna jamii za Iban zilizouza magogo mwaka 2003, ambazo sasa zinataka kuurudisha msitu wao, na zimeanza upya safari ya ramani, waraka wa wilaya na wakaguzi wa wizara. Wazee wao waliosaini mikataba na matajiri wa Sarawak wengi bado wako hai na huketi katika mikutano hiyo. Wanapoulizwa mipaka ilipita wapi, wanaijua vizuri, kwa sababu ndio waliowaonyesha wakataji.